Mayai yakifa usikimbilie kulaumu maji

Nyie mnaoanza kazi ya kutotoa vifaranga vya tilapia huku Malindi, mayai yakifa kila mtu atawaambia ni maji, na mara nyingi ni kweli maana visima vyetu vingi vina chumvi, na stima ikipotea pampu ikasimama basi hesabu hasara. Lakini mie niliyalaumu maji karibu msimu mzima, bure tu.

Ilikuwa hivi, tilapia jike huatamia mdomoni, sisi tunayatoa tunayaweka kwenye majagi maji yanayazungusha, kwa nyuzi 28 hivi siku ya nne au ya tano yashaangua. Sasa kuna majagi yalikuwa yaenda vizuri mpaka macho meusi yaonekana, halafu kama robo ya mayai yanagoma hapo hapo, yanafifia, yanakufa. Jagi la pembeni, maji yale yale, bomba lile lile, salama kabisa. Nikabadilisha maji, nikasugua matenki, nikagombana na kijana wa zamu ya usiku maskini hana kosa.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye ile robo. Kila samaki ana nakala mbili za kila jeni (yale maelekezo ya mwili anayorithi), moja ya baba moja ya mama. Nakala moja ikiharibika nyingine inafanya kazi, samaki mzima, ananawiri, huwezi kumjua kwa macho. Wakikutana dume na jike wote wamebeba ile mbovu, yai moja kati ya manne hupata mbovu mbili na halifiki. Yule dume akipanda jike asiyebeba hafi hata mmoja, ndo maana majagi yalitofautiana. Yai lisilorutubishwa ni kesi nyingine, hilo huwa jeupe mapema.

Na hapa ndipo wengi tunapoangukia, unaona vifaranga waliobaki wako fiti unawaweka wawe wazazi wa kesho. Kati ya kila watatu waliopona, wawili wamebeba! Uza hao, usizalishe.

Na wabebaji hukutana kirahisi wazazi wakiwa ndugu. Sisi tulikuwa na madume 2 na majike 40, tena wa tumbo moja karibu wote. Zidisha madume kwa majike, zidisha kwa 4, gawanya kwa jumla yao: unapata 7.6, yaani samaki 42 lakini kwa damu ni kama 8. Wangekuwa madume 15 na majike 27, ni hao hao 42, ungepata kama 39. Chakula ni kile kile.

Kwa hiyo usichanganye mayai ya majike tofauti jagi moja, andika baba nani mama nani, na yamekufa siku gani (daftari lifunikwe, langu lililowa nikaanza upya). Madume wapya tafuta kwingine, sio kwa jirani aliyenunua kwako.

Yule dume wetu tulimpaka nazi. Alikuwa mnono kweli.