Kadeti, moka na shati la kola ya vifungo kwa bei ya mtumba

Mkuu, umesema umeanza kazi ya ofisini, una elfu themanini mkononi, na unataka kuvaa kama wale wanafunzi wa vyuo vya zamani vya Marekani: shati la kola ya vifungo (ncha za kola zinafungwa kwa vifungo vidogo), kadeti, bleza ya bluu, moka. Kwenye maduka ya Mlimani City, hapa Dar, umeshaenda na bei zimekurudisha nyumbani. Mimi navaa hivyo mwaka wa tisa sasa, na shati jipya la dukani sina hata moja.

Wenzangu wameshakutajia masoko ya mtumba ya Karume, Manzese na Tandika. Ni kweli, nguo ziko huko. Ila kuingia Karume hujui unachotafuta ni sawa na kwenda Feri hujui samaki: utauziwa chochote na utashukuru.

Jambo lenyewe ni hili. Muuzaji wa mtumba anamjua farasi na anamjua mamba. Akiona farasi wa Ralph Lauren kifuani, au mamba wa Lacoste, anaitoa nguo kwenye turubai, anaipiga pasi, anaitundika kwenye henga, na bei inakuwa mara nne. Haijalishi farasi mwenyewe ni feki, na wengi ni feki. Shati zito la pamba tupu lisilo na alama yoyote kifuani analirudisha kwenye fungu la "buku mbili, buku mbili". Bahati yako ni kwamba staili unayoitaka kwa asili yake ni ya nguo zisizo na alama. Shati la Brooks Brothers, kampuni ya nguo ya Marekani, hasa yale ya zamani, kifuani halina alama kabisa. Nao ndio waliolileta shati la kola ya vifungo sokoni, mwaka 1896, baada ya mmoja wa familia yao kuwaona wachezaji wa polo Uingereza wamebana kola zisiwapige usoni. La kwangu la kwanza nililitoa chini ya rundo pale Karume, nikalipa 2,000. Muuzaji akaniongezea na mfuko.

Kwa hiyo acha kusoma kifua, soma shingo na mshono. Ukiona namba mbili kwenye lebo, mfano 15½ na 33, ya kwanza ni shingo na ya pili ni mkono, zote kwa inchi. Shati la S, M, L mara nyingi ni la kawaida tu, lenye namba mbili lilishonwa kwa mtu anayejali. Angalia nyuma ya kola: kifungo cha tatu pale katikati ni dalili nzuri. Mgongoni, chini ya bega, tafuta mkunjo mmoja mpana wenye kitanzi kidogo cha kutundikia. Gusa vifungo kwa ulimi au jino (usicheke, subiri uvione): vya chaza ni vya baridi, vya plastiki havina ubaridi. Halafu finya kitambaa kwa vidole. Cha oksfodi, ile pamba nzito ya mashati haya, kina punje punje kama kikapu kilichosukwa, na kinakunjika. Kisichokunjika kabisa mara nyingi kina poliesta, na kwa joto la Dar la Februari poliesta ni adhabu. Lebo ikisema Brooks Brothers na kwamba limeshonwa Marekani, usibishane bei. Kiwanda chao cha mashati cha Garland, North Carolina, kilifungwa 2020.

Linyanyue juani kabla ya kulipa. Tundu na njano ya kwapa huonekana hapo hapo. Kola iliyochakaa ukingoni isikutishe, fundi anaigeuza, upande wa ndani unakuja nje. Wazee wetu walifanya hivyo miaka yote, sisi tumesahau tu.

Kadeti ni rahisi, sitakuchosha. Chukua zenye kiuno kirefu kidogo na paja lenye nafasi, rangi ya mchanga, pamba tupu. Kiuno kinapunguzwa, urefu unakatwa. Beba futikamba, pima suruali yako inayokukaa vizuri ukiwa nyumbani, uandike namba kwenye simu. Sokoni hakuna chumba cha kujaribia, na kuvaa suruali juu ya suruali kunadanganya.

Bleza ndiyo iliyoniumiza. Mwaka wangu wa kwanza nilipata ya sufu, bluu iliyokolea, vifungo vya dhahabu, 15,000. Mabega yalinizidi kama inchi moja kila upande. Nikajiambia fundi atabana. Fundi naye, kwa uungwana, hakusema hawezi. Alinirudishia koti lenye mikono inayotazama nyuma. Bega halibanwi, mkuu. Tumbo linabanwa, mkono unafupishwa, mgongo unapunguzwa, ila bega likizidi liache pale pale, hata kama ni la bure. Na kwa mji huu tafuta lisilo na bitana mgongoni. Ukilifungua ukaona nyuma ni kitambaa kimoja tu na mishono imefungwa kwa utepe, hilo limeshonwa kwa ajili ya majira ya joto, na ni kazi nzuri kuliko lenye bitana kamili.

Jambo ambalo wengi hawalioni: sweta za sufu Dar ni rahisi kuliko zinavyostahili. Mzigo wa baridi ukifunguliwa hapa wanunuzi wakubwa ni wa kupeleka Mbeya, Njombe na Arusha, mtu wa Dar anapita tu. Wewe unakaa chini ya kiyoyozi saa nane kwa siku. Sweta yangu ya shingo ya V, sufu ya kondoo, nilipewa kwa 3,000 na bado niliombwa niongeze moja.

Moka nazifuata Tandika. Zile zenye ukanda juu uliotobolewa kama mdomo asili yake ni G.H. Bass, kampuni ya viatu ya Marekani, 1936. Pindua kiatu uangalie soli. Ya ngozi iliyoshonwa, chukua, fundi viatu ataibadilisha ikiisha. Ya povu lililogandishwa, hata iking'aa, ikae mbali nawe: ikikaa miaka ndani ya kontena na stoo inapukutika kama mkate mkavu siku ya tatu ya kuivaa. Yalinikuta kwenye kituo cha mwendokasi, nikafika kazini na soli mfukoni.

Kuhusu muda: marobota yanafunguliwa asubuhi, na wanaouza mtandaoni wanakuwepo kabla yako. Usishindane nao, wao wanafuata farasi. Mimi huenda siku ya kazi, mchana baada ya saa nane, fungu limeshachambuliwa na mwenye mali anataka kumaliza.

Elfu themanini yako igawe hivi: mashati manne kama elfu kumi na mbili, kadeti mbili elfu kumi na tano, moka elfu ishirini na tano, sweta elfu tatu. Inayobaki, zaidi ya elfu ishirini, ni ya fundi. Usimpunguzie fundi. Shati la 3,000 lililobanwa vizuri mbavuni linaonekana ghali kuliko la laki lililokaa kama kanzu. Bleza isubiri mshahara wa pili.

Ukikutana na shati la madrasi, ile pamba nyepesi ya drafti kutoka India, shingo 15½, usilinunue. Niambie liko kizimba gani.