Mafuta, rula na kofia ya baba yako mdogo

Pangani, 9 Oktoba

Mwanangu Mwanahawa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na mama yako, akacheka pale uliposema mumeo Lars anahesabu siku kama mtoto anayengoja Idi. Tunamshukuru Mungu kwamba kile kidoa cha mgongoni mwake kilikatwa mapema kabla hakijatambaa. Mama yako alitoa sadaka siku ile, hakukwambia tu.

Umeuliza: mkija Desemba, Lars akijipaka mafuta ya kuzuia jua ya namba 50, je, yatatosha alale ufukweni wiki mbili ajianike, arudi Hamburg na rangi? Nakujibu kwa barua kwa sababu nikirekodi sauti natoka nje ya mada, na mama yako anapita nyuma akinisahihisha.

Nianze na hesabu, maana kwenye hesabu sina wasiwasi. Mwili mzima wa mtu mzima unataka mililita 35 hivi za mafuta hayo, yaani vijiko saba vya chai. Na Lars ni mrefu, lakini tumsamehe, tumhesabie hizo hizo. Hupakwa upya kila baada ya saa mbili, na akitoka majini pia. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hata akijizuia sana, ni mara tatu. Mara tatu kwa siku 14 ni mara 42. Zidisha kwa 35: mililita 1,470. Chupa ya mililita 200 haimalizi siku mbili. Anahitaji chupa nane. Atabeba chupa nane kwenye sanduku? Wewe umewahi kumwona mtu anajipaka vijiko saba vya chai mara tatu kwa siku? Watu hupaka nusu ya hapo, wengine robo, kisha wanasoma namba 50 kwenye chupa wakidhani iko kwenye ngozi.

Halafu hiyo namba yenyewe. Mafuta ya 30 yanazuia asilimia 97 hivi ya miale inayobabua. Ya 50 yanazuia 98. Si kinga mara mbili kama anavyodhani. Tena kuna miale ya pili, isiyobabua lakini inaingia ndani zaidi na kuikunja ngozi kabla ya umri wake. Hiyo hupita hata kwenye kioo cha dirisha. Mwambie asome kwenye chupa kama inazuia aina zote mbili.

Uliuliza pia kama jua la Pangani ni kali kuliko la Mallorca kule Hispania. Juzi tarehe 7 nilichukua ile rula yangu ya mbao ya sentimita 30, unaikumbuka, nikaisimamisha uani wima kabisa, nikaipima kwa uzi wenye jiwe. Ilipofika saa sita na dakika kama kumi na mbili kivuli kikaisha. Hakuna. Jua lilikuwa juu ya utosi wa rula. Mama yako akatoka jikoni akauliza nimepoteza nini. Desemba jua litakuwa limesogea kusini kidogo, kivuli cha mchana cha rula hiyo kitakuwa kama sentimita 10. Huko kwenu Hamburg Desemba hiyo hiyo, rula hiyo hiyo saa sita mchana inatoa kivuli kinachozidi mita moja. Basi mtu anatoka kwenye kivuli cha mita moja, anapanda ndege, kesho yake anavua shati kwenye kivuli cha sentimita 10. Ukiona kivuli chako kifupi kuliko wewe, ingia chini ya mti. Najua wewe na kaka zako mnanicheka kwa hili, mnaniita Mzee Kivuli Kwanza. Chekeni. Kivuli kwanza, nguo pili, kofia tatu, mafuta mwisho, kwa zile sehemu zilizobaki wazi.

Na zile saluni za taa za kujipa rangi anazokwenda Lars Novemba ili “kuiandaa ngozi”, hapo nashindwa kunyamaza. Rangi ile ni ngozi inayojitetea baada ya kuumizwa. Kinga inayotoa ni hafifu mno. Mwaka 2009 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka taa hizo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku, na mwaka huo huo Ujerumani yenyewe ikapiga marufuku walio chini ya miaka 18 kuzitumia. Mtu aliyekwisha kukatwa kidoa anakwenda kulala mle na kulipa! Lakini nani wa kumcheka? Shangazi yako Mwanaidi na mkorogo wake umesahau? Alikuwa na sura nzuri ya maji ya kunde, akaikoroga mpaka ikawa nyekundu, jua likamaliza kazi, hadi leo ana yale mabaka ya kijivu mashavuni. Huko wanajianika wawe weusi, hapa tunajikoroga tuwe weupe, na jua linatupata sote.

Hilo ndilo jibu la swali ulilouliza. Sasa naona mkono hautaki kusimama. Umeniuliza mafuta, mimi tangu asubuhi nafikiria kofia.

Baba yako mdogo Saidi unamkumbuka akiwa fundi redio, mtu mzima, anashika lehemu pua ikikaribia kuungua kwa sababu macho yake hayakuona mbali. Hukumwona akiwa mtoto. Mwaka 1981 nilikuwa na miaka 24, mwalimu mpya, nimepangiwa shule ile ya kule Muheza, na Saidi alikuwa darasa la tatu hapo hapo, ana miaka kumi. Siku hizo hatukusema mtu mwenye ualbino. Tulisema zeruzeru, mbele ya mtoto mwenyewe, na mimi nilisema. Bibi yako alimsukia pama ya ukili, ukingo mpana unaoshuka mpaka mabegani, na kila asubuhi alimpaka mafuta ya nazi usoni na masikioni. Masikini mama, mafuta ya nazi yalimng’arisha tu. Ile pama ndiyo iliyokuwa dawa.

Nami nikamvua.

Kofia haikuwa kwenye sare. Mstarini, bendera inapopandishwa, ilikuwa utovu wa adabu kuvaa kofia, sawa, hilo la dakika tano. Lakini mwalimu wa zamu nilikuwa mimi, na siku ya kwanza tu nilimsikia mwenzangu mmoja akisema nyuma yangu kwamba mdogo wa mwalimu amekuja na mwavuli wake. Likaniuma. Nikasema hawatapata la kusema. Nikaiweka pama kabatini ofisini asubuhi, nikamrudishia saa za kwenda nyumbani. Mstarini bila kofia. Mapumziko bila kofia. Na shamba la shule, maana Elimu ya Kujitegemea ilikuwa moto moto wakati ule, tulilima mihogo kuanzia saa nne, yeye kwenye tuta lake bila kofia, amekunja macho. Nikamkaripia kwa kukunja macho. Nilidhani ananifanyia kiburi.

Bibi yako alikuja shuleni. Alitembea kutoka nyumbani na kanga yake ile ya kisutu, akasimama mlangoni pa ofisi, walimu watatu wamekaa. Akasema kwa sauti ya chini, “Mwanangu, mrudishie mdogo wako kofia, jua linamla.” Nikamjibu, Mwanahawa, nikiwa nimekaa kitini, “Mama, hii ni shule, si nyumbani.”

Hakusema kitu. Alijifunga kanga vizuri akaondoka. Mpaka anakufa hakuwahi kulitaja jambo hilo, na mimi sikuwahi kumwomba radhi, kwa sababu kumwomba ningelazimika kuirudia ile sentensi mbele yake.

Ilikuwa muhula mmoja na nusu. Kisha nikahamishwa, na mwalimu aliyenifuata akamwachia kofia yake bila hata kuulizwa.

Nitajitetea kidogo. Sikujua. Hatukufundishwa chuoni kwamba mtoto yule hana, au ana kidogo mno, ile rangi inayotukinga mimi na wewe, wala kwamba macho yake yanaumizwa na mwanga. Kweli sikujua. Lakini mama hakufika hata darasa la kwanza na alijua. Alijua kwa kuangalia. Mimi nilikuwa namwona mtoto yule kila asubuhi mabega yamebabuka, malengelenge juu ya masikio, na cheti changu kiko ukutani.

Kidonda kilianza 1997, sikio la kushoto, ukubwa wa punje ya mtama. Kilikauka, gamba likabanduka, kikarudi. Alikificha chini ya kofia karibu mwaka mzima. Tulipomfikisha Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kilikuwa kimeshuka shingoni. Tulichelewa sisi, si wao. Wewe ulikuwa na miaka tisa ulipomwona mara ya mwisho, ukaniuliza mbona baba mdogo amejifunga kitambaa kama bibi harusi. Alikufa ana miaka 28.

Nilimwuliza daktari mmoja wa ngozi, miaka mingi baadaye, kama muhula mmoja na nusu unatosha. Akasema jua hujumlishwa tangu utotoni, huwezi kunyooshea kidole siku fulani. Nadhani alitaka kunituliza. Basi nimekaa na hesabu hiyo. Siku za shule ngapi, saa ngapi kwa siku, nigawanye kwa miaka 28 ya jua la kila mahali, sokoni, njiani, kwenye foleni ya mafuta ya taa. Nikiipiga usiku inatoka ndogo. Nikiipiga asubuhi inatoka kubwa. Mtu aliyekufundisha sehemu na desimali.

Ulipokwenda Ujerumani balozi wetu huko alikuwa Dk. Abdallah Possi. Siku nilipomwona kwenye taarifa ya habari, mtu mwenye ualbino, balozi, anazungumza wengine wanasikiliza, nilizima televisheni nikaenda kumwagilia mwarobaini. Mama yako akadhani umeme umekatika. Na sasa pale Moshi wanatengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na watoto wanapewa bila malipo. Mafuta hayo nayaunga mkono kwa mikono miwili, usije ukasema baba anapinga mafuta. Ninachopinga ni mtu kuyafanya ruhusa ya kulala juani. Mtoto wa Moshi anajipaka kwa sababu lazima aende shule. Lars anajipaka ili akae.

Wewe pia usijisahau. Weusi wetu ni kinga, si ukuta. Lars ana ile fulana ya Bob Marley. Mwambie Bob Marley alikufa 1981 ana miaka 36 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Aina ile haitokani na jua, kwa hiyo kofia isingemsaidia, lakini kwa watu weusi saratani hiyo hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Ukikata kucha tazama. Ukiona mstari mweusi unaopanuka, au doa linalobadilika, au kidonda cha wiki na wiki kisichopona, nenda hospitali usingoje.

Sasa, je, umkataze Lars? Ninalo jibu, liko ulimini kabisa. Lakini ni mumeo, ni mtu mzima, ni mgeni wangu, na mimi niliwahi kutoa amri juu ya kichwa cha mtu kuhusu jua nikiwa na uhakika wote wa dunia. Sisemi. Pengine umweleze alichosema yule daktari wa ngozi na umwache afikiri. Pengine umfichie taulo. Sijui! Wewe ndiye unayemjua.

Nimefanya jambo moja bila kukuuliza. Kule Mwera kuna mama anayesuka ukili vizuri, nimempa oda ya pama. Chukua uzi, uuzungushe kichwani kwa Lars juu kidogo ya masikio, upime kwa rula, unitumie sentimita. Usipime kwa macho, vichwa vyao vinadanganya. Ukingo nimekwisha kumwambia mwenyewe: ushuke mpaka ufunike masikio yote mawili.

Mama yako anasalimia. Anasema usisahau dawa zake za macho.

Baba yako