Kuongeza waifai nyumba ikiwa na nyaya tayari

Ndugu uliyeuliza namna ya kuongeza waifai, kwa kuwa nyaya za mtandao zimeshafika vyumbani na kompyuta zinapata intaneti vizuri, huna haja ya kubadilisha ruta yako (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani) ili tu simu nazo ziunganishwe. Tafuta ruta nyingine yenye waifai, hata iliyotumika. Kabla ya kuiunganisha, ingia kwenye mipangilio yake: kama anwani ya ruta kuu kwenye mtandao ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, mradi anwani hiyo haigawiwi na ruta kuu kwa kifaa kingine. Kisha zima DHCP ya ruta hii ya pili, yaani huduma inayogawia vifaa anwani. Hapo ndipo wengi hukwama: ruta mbili zikigawa anwani, intaneti hukatika ovyo. Waya unaotoka ruta kuu uchomeke kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani), si WAN (la intaneti ya kutoka nje). Na tafadhali, kwenye mipangilio ya waifai chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. WEP, ulinzi wa zamani, huvunjwa kwa dakika chache.