Umeme ukikatika, tovuti zinagoma: kosa ni la nani?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Umeme ukikatika usiku, asubuhi nikiwasha kompyuta ya mezani karibu kila tovuti inaleta onyo jekundu kwamba muunganisho si salama. Fundi alinionyesha pa kubofya ili nipite tu, lakini kuna tovuti ambazo hata hicho kitufe hazina. Halafu nina tableti ya zamani, Android 6. Hiyo umeme haiuhusu, ila tovuti kadhaa zilizokuwa zikifunguka sasa zimegoma moja kwa moja. Simu yangu kwa intaneti ile ile inafungua zote. Ni virusi? Na huko kupita kuna madhara?

JIBU: Virusi hapana, dada. Una wagonjwa wawili wenye homa inayofanana, mmoja ana malaria na mwingine ana taifodi, kwa hiyo dawa moja haitawatosha.

Tuanze na kompyuta. Kesho likitokea tena, kabla hujabofya chochote tazama tarehe kwenye kona ya chini kulia. Sitashangaa ikikusomea Januari ya mwaka uliokwisha kupita zamani. Ndani ya kompyuta, juu ya mazabodi (ule ubao mkuu), kuna betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuiweka saa hai wakati umeme haupo. Kompyuta ikiwa imezimwa lakini waya bado uko ukutani, saa hunyonya umeme wa ukutani, ndiyo maana betri inaweza kufa na usijue kwa miezi. Siku TANESCO wakikata, saa inarudi mwanzo.

Sasa tarehe inaingiaje kwenye tovuti? Kila tovuti ya https hukuonyesha cheti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, na kila cheti kina tarehe mbili: kinaanza lini kutumika na kinakwisha lini. Kanuni za kukikagua zimeandikwa kwenye waraka wa RFC 5280 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) wa mwaka 2008, na kivinjari chako hukagua kwa kutumia saa ya kompyuta yako. Kama kompyuta inaamini tuko 2015, cheti kilichotolewa mwezi jana kwake bado hakijazaliwa. Zamani saa iliyochelewa mwezi mmoja au miwili ilikuwa ikisamehewa, maana vyeti vilidumu mwaka na zaidi. Siku hizi Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, vyao vya kawaida ni vya siku 90. Na watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari wameshakubaliana kufupisha zaidi: kikomo kiwe siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 Machi 2027, na siku 47 Machi 2029. Saa mbovu itazidi kuumbuka.

Utaniuliza, mbona Windows haijirekebishi yenyewe kupitia intaneti? Inajaribu. Inatumia NTP, utaratibu wa kuulizia saa kwenye intaneti, ambao waraka wake wa kwanza David Mills aliuandika 1985. Lakini kompyuta isiyo kwenye mtandao wa ofisi, kwa mipangilio yake ya kawaida, haikubali kusahihisha tofauti inayozidi saa 15. Inadhani inadanganywa, na haina makosa, kwa sababu NTP ya kawaida haina ulinzi: aliye katikati ya njia anaweza kukupa saa ya uongo. Mwaka 2020 ulitoka waraka wa RFC 8915 wa kuilinda NTP kwa vyeti, na hapo ndipo ninapopenda kuwachekesha wanafunzi wangu: cheti hakikaguliki bila saa, na saa sasa inataka cheti. Ufunguo umefungiwa ndani ya chumba chake.

Kwa hiyo weka tarehe kwa mkono kwanza, ndipo uwashe usahihishaji wa moja kwa moja. Hakikisha na ukanda wa saa ni UTC+3, wa Nairobi. Nimewahi kukuta kompyuta ya duka iliyowekwa 2:00 kwa sababu mwenyewe alikuwa akisoma saa mbili asubuhi. Risiti zake za asubuhi zilikuwa za usiku wa manane.

Tableti ni ugonjwa mwingine. Ukienda kufungua akaunti benki na barua ya serikali ya mtaa, karani haamini karatasi, anaamini mhuri anaoujua. Tableti nayo ina orodha ya mihuri ya watoa vyeti inayoijua, na kwenye Android ya zamani orodha hiyo ilipachikwa kiwandani pamoja na mfumo. Mhuri wa Let's Encrypt, ISRG Root X1, ni wa 2015, na Android iliuingiza kuanzia toleo la 7.1.1. Yako ni 6. Miaka yote hiyo ilikuwa ikipita kwa kudhaminiwa na mhuri wa zamani wa kampuni ya IdenTrust, uliokwisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Kwa kuwa Android haijali tarehe ya mwisho ya mhuri mkuu wenyewe, Let's Encrypt walitengenezewa sahihi maalumu ya kuzivusha simu za zamani, nayo ikaisha 30 Septemba 2024. Toka hapo tovuti zenye vyeti vya Let's Encrypt, na ni nyingi sana, tableti yako haizitambui. Simu yako ni mpya zaidi, mhuri inao.

Unaweza kuupakua mhuri huo kutoka letsencrypt.org kwa simu nzima, ukaupachika kwenye tableti kupitia mipangilio ya usalama. Itakudai namba ya siri ya kufungulia skrini na kukuonya kwamba mtandao unaweza kufuatiliwa. Onyo hilo si la bure. Anayekupachikia mhuri mkuu asiyejulikana anaweza kujifanya tovuti yoyote, hata benki yako, na kivinjari kikanyamaza. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti, wakatoa vyeti vya uongo zaidi ya 500, kimoja cha Google kikatumika kuwapeleleza watu wa Iran. Mambo yalijulikana mwishoni mwa Agosti, na Septemba kampuni ikafilisika. Mimi tableti hiyo ningewaachia watoto, maana masasisho ya usalama ya Android 6 yalishakoma. Pesa nisingeigusa humo.

Na kitufe cha fundi? Nisingekibonyeza. Tovuti zisizo nacho zinatumia HSTS, utaratibu wa 2012 unaokiambia kivinjari: cheti kikiwa na kasoro, usimwachie mtu apite hata akitaka. Wewe kwenye steshenari unaingiza nywila na namba za NIDA za wateja. Ukizoea kupita kila asubuhi, siku mtu ataingilia mtandao wako kweli utaona wekundu ule ule na utapita vilevile. Soma maandishi madogo: ERR_CERT_DATE_INVALID inakuelekeza kwenye tarehe, yako au ya tovuti. ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID inasema mhuri haujulikani. Hiyo ya pili ikitokea kwenye kompyuta nzima yenye saa sahihi, tena kwenye tovuti uliyoifungua jana, acha kazi na ubadili mtandao.

Betri unabadilisha mwenyewe. Zima, chomoa waya, fungua ubavu, sukuma kile kishikizo kidogo, weka mpya upande wa + ukiangalia juu, kisha rekebisha tarehe. Jioni ukifunga duka chomoa waya makusudi uache hadi asubuhi. Tarehe ikibaki sahihi, umepona upande mmoja.