Kabla hujanunua tyubu ya siena, chuja udongo

Wanafunzi wangu wa uchoraji hapa Kampala huniuliza watapata wapi rangi ya siena kwa bei nafuu. Nawaambia wachukue ndoo. Siena ni udongo wa hudhurungi yenye unjano, uliopewa jina la mji wa Siena, Italia, na kinachoupa rangi ni oksidi ya chuma pamoja na manganizi kidogo. Udongo wetu nao umejaa chuma. Si siena halisi, na muuzaji asikudanganye kwa jina hilo, lakini kwenye turubai unaifanya kazi yake vizuri.

Tafuta udongo wa njano. Wengi hukimbilia ule mwekundu wa barabarani kwa kuwa ndio unaoonekana, lakini wa njano ukiuchoma unakupa rangi ya pili. Mashimo ya wafyatua matofali ni mahali pazuri pa kuanzia. Omba ruhusa kwanza.

Uponde, uloweke, ukoroge sana. Subiri kidogo mchanga uzame, kisha mimina maji yenye tope kwenye chombo kingine. Rangi iko kwenye hayo maji. Rudia hadi ukisugua tope kati ya vidole usisikie chembe hata moja, ndipo uliache litulie, umwage maji ya juu na ulianike. Hatua hii usiifanyie haraka. Rangi yenye mchanga itakusumbua mpaka mwisho wa picha.

Kuchoma kunataka macho. Tandaza unga kidogo wa udongo huo uliokauka kwenye kikaango kikuukuu juu ya sigiri, moto wa wastani, ukigeuza kila mara. Udongo wa njano una maji yaliyofungamana na chuma. Moto ukiyafukuza, njano inageuka hudhurungi yenye wekundu. Ukiwa bado wa moto unaonekana mweusi kuliko ulivyo, kwa hiyo chota kidogo, weka kwenye sahani nyeupe, ngoja upoe, ndipo uamue. Mimi hupenda kuuepua mapema, ukiwa bado na mguso wa rangi ya machungwa ndani yake.

Kwa kuishikisha rangi kwenye turubai tumia kiini cha yai, mafuta ya kitani, au gundi ya mgunga, ambayo miti yake inaota hata Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Jua haliipaushi rangi ya udongo. Nenda Nyero, kule Kumi, mashariki mwa Uganda, ukaone miduara myekundu iliyochorwa kwenye miamba na watu wa kale, ila usiiguse wala kuimwagia maji.

Ukilazimika kununua, soma nyuma ya tyubu. PBr7 ndiyo alama ya kundi la siena. PR101 ni oksidi ya chuma ya kiwandani, na mara nyingi inafunika mno, ilhali uzuri wa siena ni kupitisha mwanga.

Saga udongo ukiwa umelowa. Ukisaga mkavu, vaa barakoa na uwaweke watoto mbali, kwa sababu vumbi lake linaumiza mapafu.