Kabla hujaweka AC ya sentro, angalia kwanza silingi yako

Juzi kuna dada kanitumia meseji: "Dada shikamoo, tunajenga Goba, ghorofa moja vyumba vinne, tunakaribia kumwaga zege la juu. Wifi yangu karudi toka Muscat anasema kule sentro ni kitu cha kawaida, sasa mume wangu nae kashikilia hapohapo. We unayo, tuweke au tusiweke?" Nikaanza kumjibu nikaona inakuwa risala, bora niwaandikie wote, maana najua humu mnaojenga ni wengi na wote shida yetu moja, ukitoka kwenye foleni ya Mwenge umeloa jasho ukifungua mlango wa kwako upokelewe na ubaridi.

Mdogo wangu, una bahati sana zege halijamwagwa. Watu wengi wanakumbuka AC gipsam ishapigwa, rangi ishapakwa, wanachagua mapazia. Kwa spliti, zile za boksi ukutani kila chumba na lake, hiyo sio shida, unatoboa ukuta maisha yanaenda. Ila sentro ni mashine moja inayosukuma hewa ya baridi kwenye madakti, yaani njia za hewa zinazopita juu ya silingi, mpaka kila chumba, na dakti kuu peke yake na koti lake la kuzuia joto inaweza kula sentimita 30 mpaka 40 juu ya silingi. Kama biimu zako zimeshuka na hakuna aliyeacha tundu la kupitisha dakti, unachagua mawili, ushushe silingi nyumba ionekane kama pango, au umwite mtu atoboe biimu, na huyo mtu usimwite.

Sasa niwape yangu. Tulivyofika hatua hiyo kule Mbezi Beach fundi wetu mkuu akatuletea kontrakta wa AC, kaja na gari zuri na miwani. Kasimama katikati ya sebule ambayo haina hata plasta, mikono kiunoni, katazama juu, kageuka mara moja, akasema "hapa tani kumi". Nikamuuliza umezipataje? Akamgeukia mume wangu akamjibu yeye, "bosi, hii kazi naijua." Nikauliza tena dirisha la magharibi umelihesabu, akacheka, akasema mama ni mjuaji. Mume wangu nae kanyamaza, tuliongea baadae nyumbani hilo sio la kuandika hapa. Lakini jamani mpaka leo nikipishana na lile gari barabarani damu inachemka. Nyumba najenga kwa hela yangu na mkopo wa SACCOS yangu halafu swali langu linajibiwa kwa mtu mwingine!

Nikatafuta mwingine mwenyewe. Kaja kijana na futi ya chuma, kaomba ramani, akaanza kunihoji kama uhamiaji: jua la jioni linapiga upande gani, vioo vya aina gani, chini ya bati mnaweka nini, mnakaa wangapi, jiko la gesi liko wapi, nani anashinda nyumbani mchana. Karudi na karatasi, chumba kwa chumba, jumla tani saba. Tani ni kipimo cha nguvu ya kupoza, sio uzito, na tani moja ya AC ni BTU 12,000 kwa saa, kwa hiyo yule wa miwani alikuwa ananiuzia BTU 36,000 za bure. Na kijana akaniambia mkiweka fibaglasi juu ya silingi na kivuli upande wa magharibi inashuka zaidi. Nilimlipa hela ya hesabu tu, peke yake, ndugu wakanicheka eti nalipia karatasi. Sawa. Ile karatasi ndo kitu bora nilichonunua kwenye ujenzi wote, na nasema hivyo nikiwa nimenunua mlango wa mninga.

Mtu atasema si bora kubwa iwe na akiba? Hapana, na hasa sisi wa pwani. Joto la Dar sio joto tu, ni unyevu. Mashine inakausha hewa pale inapofanya kazi muda mrefu, unyevu unageuka maji kwenye koili, yale mabomba ya baridi ndani ya mashine, unatoka kwa bomba la dreni. Ikiwa kubwa kupita nyumba inapoza haraka, inazima, inawaka, inazima, unyevu umebaki palepale. Nyumba inakuwa baridi lakini mbichi. Nina jirani yuko hivyo, kanifungulia kabati nione: mkanda wa ngozi wa mumewe umeota vinyweleo vyeupe kama mkate uliosahaulika, kanzu za Ijumaa zina madoa meusi kwenye kola. Na kila gril ya silingi ina duara la kahawia pembeni, kwa sababu dakti zilivishwa koti jembamba, darini chini ya bati mchana ni tanuri, basi dakti inatoka jasho na jasho linashukia kwenye gipsam. Yeye analaumu bati linavuja. Kabadilisha bati.

Kwa hiyo hesabu kwanza. Nasema tena, hesabu kwanza, usikubali jicho.

La pili ambalo mafundi hawakwambii ni hewa ya kurudi. Hewa ikiingia chumbani lazima ipate njia ya kurudi kwenye mashine, ukifunga mlango bila gril wala upenyo chini, chumba kinapata joto na mlango unakuwa kama kuna mtu anausukuma upande wa pili. Na hewa ya jikoni isirudishwe kwenye mfumo, la sivyo kitunguu cha pilau kitalala na wewe kitandani.

Halafu jiulizeni mnaishi vipi. Sisi mchana tuko kazini, watoto shule, yupo dada wa kazi tu na yeye anapenda barazani. Usiku tuko vyumbani. Sasa sentro ya nyumba nzima yenye thamostati moja koridoni, kile kidude cha kupima joto na kuiamuru mashine, inapoza nani? Kuna vizibo vya umeme vya kugawa sehemu, ila kila sehemu ni hela na kila kifaa ni kitu cha kuharibika. Mi nikaamua dakti ziwe chini tu, sebuleni na mezani, mashine ya tani tatu na nusu, vyumbani nikaweka spliti za inveta, zinazopunguza kasi zenyewe badala ya kuwaka na kuzima. Wageni wakija hawaoni boksi ukutani wanauliza "huu ubaridi unatoka wapi?", acha nijisikie kidogo jamani nimeutolea jasho.

Umeme sasa. Mashine ya tani tano isiyo inveta inavuta kilowati tano hivi. Saa nane kwa siku ni uniti 40, na sisi ambao tumeshavuka zile uniti 75 za bei nafuu, uniti ni shilingi 350 na ushee, kodi zake humohumo. Piga mwenyewe, ni zaidi ya laki nne kwa mwezi, na wakati wa kaskazi kompresa haipumziki. LUKU itakuwa inalia mezani kama kifaranga. Mashine kubwa namna hiyo ombeni fezi tatu mapema. Na yule anayewauzia mtumba wa Marekani au Saudia muulizeni hezi za umeme wake, kule ni 60, kwetu ni 50. Zenye gesi ya R22 ziacheni, inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal, mtahangaika na gesi mbele ya safari.

Mnaokaa karibu na bahari, chumvi inakula mapezi ya aluminiamu ya ile mashine ya nje mpaka yanamomonyoka mkononi. Dai yenye koili iliyopakwa kinga, na imwagiwe maji baridi ya kawaida mara kwa mara, sio ya presha.

Dada wa Goba, jibu langu: mwiteni wa hesabu kabla ya zege, dakti zichorwe kwenye ramani, matundu ya biimu aidhinishe injinia wa jengo. Mume akitaka sentro nyumba nzima muwekee bei ya LUKU mezani kwanza mle wote mkiitazama.

Na mkishaweka, kuna fundi atakuja kila baada ya miezi michache kuwaambia gesi imepungua aongeze. Gesi ya AC haiishi kama ya jiko, inazunguka humohumo kwenye mabomba yaliyofungwa. Ikipungua kuna panapovuja. Mwambie aonyeshe panapovuja, azibe, avute vakyumu, yaani atoe hewa yote kwenye mabomba, ndo ajaze. Akishindwa kupaonyesha mpe nauli tu aende.