Picha Haina Kitu, Mguu Unauma

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani wa Chang'ombe, hapa Dodoma, nina umri wa miaka 46. Kwa miaka 3 sasa mguu wangu wa kulia unaniuma kuanzia kwenye tako, maumivu yakishuka nyuma ya paja hadi kidole kidogo cha mguu, mfano wa waya wa moto, na nikikohoa au nikikaa kwenye cherehani zaidi ya saa moja yanazidi. Nimekwenda hospitali mara 4. Nilipigwa eksirei ya mgongo, nikaambiwa haina kitu, nikachomwa sindano ya diklofenaki na kurudishwa nyumbani. Daktari wa mwisho, macho yake yakiwa kwenye kompyuta, aliniambia, "Mama, umri umekwenda, punguza mwili," akaniandikia amitriptilini. Muuzaji wa duka la dawa aliniuliza mbele za watu kama nina matatizo ya akili. Nilivinunua vidonge hivyo kwa aibu, na tangu siku hiyo vimo kwenye kopo la vifungo. Je, madaktari wanaona nadanganya?

JIBU: Marahaba, fundi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba kuna daktari aliyekugusa mguu, nami sikupaona. Hilo ndilo linalonisikitisha zaidi ya hayo maneno ya uzee.

Eksirei huonyesha mifupa. Mishipa ya fahamu haionekani humo, wala gegedu laini lililo kati ya pingili za uti wa mgongo, ambalo likituna huweza kuubana mshipa unaoshuka mguuni. Kwa hiyo daktari aliyesema picha haina kitu alisema kweli kuhusu mifupa, lakini mguu wako alikuwa hajauzungumzia bado. Maumivu yanayoanzia takoni, yakapita nyuma ya paja na kuishia kidole kidogo, tena yakachochewa na kikohozi, yanafanana sana na yale yanayoitwa siatika, yaani maumivu ya mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni. Sisemi ndiyo hayo, kwa kuwa sijakuona. Nasema maelezo yako yanastahili kupimwa, na kipimo cha kwanza hakihitaji mashine yoyote. Unalala chali kitandani, daktari anaunyanyua mguu ukiwa umenyooka na kuangalia maumivu yanapochomoka. Anagonga kwa nyundo ndogo kano iliyo juu ya kisigino. Kisha anakuomba utembee kwa ncha za vidole. Ni kazi ya dakika chache, hata pale ambapo foleni imefika nje ya mlango.

Sasa tulitoe lile kopo la vifungo. Amitriptilini ni dawa ya sonona, hilo muuzaji hakukosea, ingawa hakuwa na ruhusa ya kulitangaza dukani. Hata hivyo, kwa dozi ndogo inayonywewa usiku, imetumika kwa miaka mingi kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Huwasaidia baadhi ya watu, si wote, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana kama inafaa. Inawezekana basi kwamba daktari yule aliyekukera ndiye pekee aliyeuwazia mshipa wa fahamu, ila hakujali kukueleza, na kwa mgonjwa dawa isiyoelezwa hugeuka tusi. Usianze kuinywa kabla ya kuuliza, hasa kama una ugonjwa wa moyo au unatumia dawa nyingine. Diklofenaki nayo usiifanye mazoea ya kila siku, kwani huchubua tumbo, huumiza figo na kupandisha shinikizo la damu.

Utakaporudi, usianze na hadithi ya miaka 3, maana daktari mwenye wagonjwa wengi huacha kusikiliza mapema. Andika kwenye daftari lako la vipimo vya wateja: yanaanzia wapi, yanaishia wapi, yanakuzuia kazi gani. Kisha sema, "Daktari, naomba unipime mguu," na akishamaliza muulize anadhani ni nini, na kama si hicho kinaweza kuwa nini kingine. Muulize pia kuhusu kisukari, ambacho nacho huharibu mishipa ya miguu, na kuhusu fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Iwapo mguu umepungua nguvu, au maumivu yameshindikana kama yako, omba rufaa ya maandishi kwa mtaalamu wa mifupa au wa mishipa ya fahamu, ambaye ataamua kama kipimo cha MRI, picha inayoonyesha hata gegedu na mishipa ya fahamu, kinahitajika. Ukikataliwa bila maelezo, mwone mganga mfawidhi. Baraza la Madaktari Tanganyika lipo kwa malalamiko ya maadili, lakini mimi nisingeanzia huko.

Yapo mambo yasiyosubiri kliniki: ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo au mkojo kugoma kutoka, unyayo kuanza kuburuzika, ama mguu mmoja kuvimba ghafla na kuwa wa moto. Likikutokea lolote kati ya hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Kwa sasa inuka kwenye cherehani kila nusu saa, utembee hadi mlangoni na kurudi. Na siku ya kwenda, usivimwage vidonge mkobani. Beba kopo lenyewe, vifungo na vyote, daktari avione mwenyewe.